Mtoto wa Dachesi

Kipyego arap Birech alikuwa saisi kwa miaka ishirini na sita, na katika farasi wote aliowapiga brashi, ni mmoja tu aliyewahi kumtatiza. Mzungu aliyemwajiri alipouza shamba lake kule Kaptagat mwaka wa sitini na tano, alipakia farasi wote kwenye lori isipokuwa Dachesi, jike mzee wa rangi ya kahawia aliyeonekana hastahili nauli. Thuo, aliyenunua shamba, alikuta zizini vitu viwili ambavyo hakuwa ameviulizia: farasi na mtunza farasi. Akawabakisha wote wawili, Dachesi awe akivuta mkokoteni wa maziwa hadi barabara kuu.

Mwaka wa pili tumbo la Dachesi likaanza kuning'inia. Thuo, mtu wa ng'ombe tangu utoto, alilitazama mara moja akakata shauri: huyu ana mimba, dume la jirani limeruka ua. Jumapili hiyo hiyo, kwenye harambee ya kujenga shule, alisimama mbele ya watu wa kanisa akaahidi kutoa mtoto wa farasi. Watu wakapiga makofi. Kipyego, aliyekaa benchi la nyuma, hakupiga.

Alijua hakuna mimba. Lakini alijua pia kwamba farasi mwenye mimba havutishwi mkokoteni, basi akaufunga mdomo wake, akabaki na swali lililomnyima raha. Kama si mtoto, ni nini?

Akaanza kumchunguza kuanzia masikio hadi kwato. Chuchu kavu. Nyama ya mgongoni imeisha, uti unahesabika, ilhali tumbo linazidi kushuka. Ndoo tatu za maji kwa siku zimekuwa saba. Ni Januari, jua linawaka, na Dachesi badala ya kunyonyoka amevaa manyoya marefu yaliyojisokota, anatoka jasho akiwa amesimama kivulini. Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuwa juu ya macho. Farasi mzee huwa na vishimo pale. Vya Dachesi vilikuwa vimejaa mafuta. Kipyego alivibonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi, na asubuhi moja akakumbuka. Zamani daktari wa mifugo alimwonyesha yule mzungu farasi wa namna hii, akasema ni ugonjwa wa Cushing, kijitezi kilicho chini ya ubongo kimeharibika. Haponi, alisema, lakini akitunzwa anaishi: anyolewe, achongwe kwato, na asipewe nafaka wala kitu kitamu, maana vitamharibia miguu.

Na Thuo, kwa hamu ya kumngoja mtoto, alikuwa ameagiza Dachesi apewe mahindi na molasi kila siku.

Kipyego alipunguza kwa siri, lakini Thuo akaanza kuja kulisha mwenyewe. Wiki moja baadaye kwato za mbele zilikuwa za moto, na Dachesi alisimama ameegemea nyuma, hataki kukanyaga. Hapo Kipyego akaona kimya chake kinamuua yule aliyetaka kumlinda. Alimkuta Thuo akikoroga molasi, akamshika mkono.

"Bwana Thuo, hii si mimba. Ni ugonjwa. Na hiyo chakula unamuua nayo."

Thuo akanyooka. "Umejua lini, Mzee?"

"Tangu ile siku ya harambee."

"Na ukanyamaza, nikajiaibisha mbele ya kanisa?"

"Nilinyamaza ndio asirudi kwa mkokoteni. Makosa ni yangu. Lakini weka mkono hapa."

Thuo alitaka kukasirika, na alikuwa na haki, ila udadisi ulimzidi. Akashika kwato, akautoa mkono upesi. Akabonyeza juu ya jicho. Akauliza hili, akauliza lile, mpaka molasi ikajaa nzi. Kisha akaenda zake nyumbani, na Kipyego akakaa akingoja kufukuzwa.

Thuo alirudi na mkasi wa kunyolea kondoo.

"Shika kichwa," alisema.

Siku ya kutimiza ahadi, Thuo alifika uwanja wa kanisa akivuta ndama jike kwa mkono mmoja, gunia begani. Akalifungua mezani, manyoya ya kahawia yakamwagika. "Farasi yangu alizaa hii," akasema, na watu wakacheka wakashika mbavu. Aliwaacha wacheke washibe. Halafu akamwita Mzee Kipyego arap Birech apite mbele, aeleze mambo aliyoyajua yeye peke yake.

Miaka ishirini na sita Kipyego alikuwa ameitwa boi, ameitwa saisi; jina lake lote halikuwahi kutajwa mbele ya watu. Alisimama, akatembea hadi mezani. Alianza na vile vishimo vya juu ya macho.