Ulimi wa Tete kutoka Mto Malaba

Sikuwa nimeonja pombe siku ile, na jua lilikuwa bado juu. Nalisema mapema kwa sababu wanaonicheka huanzia hapo.

Enzi za Waingereza nilikuwa mpiga klarineti katika bendi ya askari hapa Tororo. Klarineti hulia kwa ulimi, kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wake. Ndimi tulizoletewa kutoka Ulaya zilikuwa ngumu, na mdomo wa klarineti yangu una mwanya mpana, unaotaka ulimi laini. Nilipuliza mpaka midomo ikachubuka, na sauti ikatoka kama ya bata anayekabwa.

Siku ya mapumziko nikateremka hadi mto Malaba kufanya mazoezi. Katikati ya matete ameketi kijana, amejifunga blanketi la kijivu, kibati cha namba shingoni.

"Leta," akasema.

Akazielekeza ndimi zangu juani moja moja, kisha akazitupa zote majini. Hebu fikiria hasira yangu!

"We napuliza ya kutembea ama ya kukaa?"

"Ya kutembea, ndugu. Gwaride."

"Basi nataka nyepesi kwa ncha, nyuma ibaki na nguvu."

Akatoa tete kavu, akalikwangua kwa kisu, akalifunga. Niamini, klarineti iliimba! Akanifundisha wimbo mfupi kwa kuupiga mluzi. Nikainama kufungua sanduku langu, nilipoinuka, hayupo. Kwenye matope zilikuwepo nyayo zangu tu.

Bendi ilipokwenda kupiga sokoni Mulanda, nikaupiga wimbo ule. Mwanamke mmoja mzee akaangusha kikapu chake. Alikuwa Mama Athieno, ambaye mumewe, Owor, alichukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia, akapewa blanketi la kijivu na kibati cha namba kama wapagazi wote, asirudi tena.

"Nani amekupa huo? Owor alinitungia mimi. Alikuwa naniita nao kutoka shamba."

Nikamweleza juu ya blanketi na kibati.

"Bado kijana?" akauliza.

"Bado kijana, mama."

Akaketi palepale chini, juu ya mtama uliomwagika.

Tangu hapo akawa anakwenda mtoni kila asubuhi, mvua inyeshe, jua liwake. Hakuona mtu. Ulimi ule ukapasuka, na baada yake klarineti haikunikubali kwa ulimi wowote. Bendi wakaniondoa. Sasa nalima mihogo, na hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni maneno ya Mama Athieno nilipokwenda kumtazama katika ugonjwa wake wa mwisho. Hata hakunigeukia.

"Wewe, mtu wa njia tu, alikuja kwako. Labda na mimi aliniona nakuja, akaona kizee, akajificha. Ungenyamaza, ningekufa nampenda."

Akafa hivyo, uso kwenye ukuta.

Wewe unayenisikiliza, ukikutana na mfu, pokea anachokupa au kimbia, shauri yako. Lakini usiende kumwambia aliyemlilia.