Kiondo cha Wanjugu

Wanjugu wa Rågsved, kitongoji chetu cha Stockholm, ukimkuta asubuhi kwenye treni utadhani kagombana na mtu. Hajagombana. Ndivyo uso wake ulivyo, na mimi jirani yake nimeshauzoea. Anapika kwenye nyumba ya kulelea wazee, Jumapili anaimba kwaya, na akikasirika hamung'unyi maneno.

Alikuja Sweden kwa ndoa, mume akaenda zake, akabaki na binti mmoja, Nala, na kiondo cha marehemu mamake kutoka Nyeri, kikapu cha katani chenye mkanda wa ngozi. Hapa kwetu kiondo hicho kina kazi. Wanjugu akiniletea maharage ndani yake, mimi Dativa, Mama Deo wa Bukoba, Mhaya na maringo yangu, siwezi kukirudisha hivi hivi, nitatia ndizi. Hortense, Mrundi wa ghorofa ya chini, hukirudisha na unga wa muhogo. Kwetu sote chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu ni kama umemwambia mwenzio basi, tumemalizana.

Utotoni Nala ndiye aliyekuwa tarishi wetu, akipanda na kushuka ngazi nacho, ila sidhani kama aliwahi kujiuliza kwa nini. Kakulia hapa. Mama akisema Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi. Sasa anakaa Hjulsta, upande wa pili wa jiji, na kufanya kazi kwenye ukumbi wa utamaduni. Walipoandaa maonyesho ya Waafrika wa Stockholm, sanaa yao na historia yao, akaja kuazima kiondo cha bibi yake.

Wanjugu akampa. Kisha akaniambia mimi kando kwamba Krismasi anakwenda Nyeri, na dada yake anakitaka kiondo kile. Nala akionyesha kwamba anajua ni cha nini, kitakuwa chake. Asipojua, kinarudi kwa wanaokijua. Na kumfundisha hamfundishi. Nikamwambia huo ni ukaidi, mtoto atajuaje asipoambiwa? Alikaza shingo, na Wanjugu akikaza shingo, ndiyo basi tena.

Siku ya ufunguzi tulivaa tukapendeza. Kiondo tulikikuta ndani ya kioo, kimesafishwa, kimemulikwa taa, kitupu. Watu wanapita wanakisifia. Wanjugu alikitazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mama Deo, hii kiondo ya mamangu wameilaza hapa tupu kama maiti."

Ngeli za Nyeri hizo, na siku nyingine ningemtania. Siku ile sikuthubutu. Nala alikuwa nyuma yetu, akasikia. Akaanza kueleza kwa Kiswidi kwamba chakula hakiruhusiwi mle, kinaleta wadudu. Mamake aligeuka akaenda kuchukua koti lake. Niliumia kwa wote wawili, maana kila mmoja alikuwa na haki yake.

Maonyesho yakaisha mwishoni mwa Septemba. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kwa Wanjugu, na sanduku la safari liko wazi sebuleni, ingawa Krismasi bado. Alikuwa ameacha nafasi upande mmoja. Kengele ikalia. Nala aliingia na kiondo kimebeba kitu kizito: lingon, yale matunda madogo mekundu ya msituni, tele mpaka mdomoni. Alikwenda kuyachuma mwenyewe. Maji yake yalikuwa yamepenya katani, kiondo chote kina madoa. Mungu wangu, nikasema moyoni, leo hapa hapakaliki.

Nala aliongea Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Ulikuwa unanituma kwa Hortense. Nilikuwa narudi nacho kizito kila siku. Nimekumbuka."

Wanjugu aliinuka. Alipokea kiondo, akaenda nacho jikoni, tukasikia matunda yakimiminika kwenye sufuria. Akakawia huko. Nala akaniangalia mimi, nami nikaangalia dirisha, kwa sababu hayakuwa yangu.

Aliporudi, kiondo kilikuwa na unga wa ugali na maharage, na madoa yake vile vile. Akamvisha binti yake mkanda begani, kama tunavyopeana sisi wenye nyumba zetu. Kisha akapanga nguo zake kwenye ile nafasi ya sanduku na kulifunga.

"Mama, nikirudishe lini?" Nala akauliza.

"Ikijaa."