Ufagio wa Zilpah

Watu wa Kendu Bay walikubaliana kuwa Zilpah hasemi uongo. Alijibu ulichouliza, akaishia hapo. Miaka mingi aliuza samaki wa kukaanga kwa mtindo huo. Ukiuliza kama samaki ni mtamu, alikwambia ni mtamu. Alivuliwa lini, hilo ungeuliza mwenyewe.

Mwaka wa tisini na nne bintiye Cate, aliyeolewa Migori, alijifungua mapacha, akamwomba mama yake ahamie huko. Zilpah hakutamani kitu kingine. Lakini ilibidi kwanza auze nyumba yake ya kando ya ziwa, na nyumba ilikuwa na mgeni. Kila usiku kiboko alitoka majini, akakatiza uani, akala nyasi, akarudi. Wanunuzi wawili walipata habari zake kwa majirani, wakapotea.

Wa tatu alikuwa Sumeya, mwenye duka la vitambaa sokoni, mtu wa Garissa. Siku ya miadi Zilpah aliamka mapema, akafuta nyayo kwa ufagio, akazoa kinyesi, akakitupa shimoni. Sumeya alipofika saa nne uwanja ulikuwa unang'aa. Akazisifu nyasi zilivyo fupi, akauliza nani huzikata.

"Sijawahi kumlipa mtu, nyathina," Zilpah akajibu. Alimwita mwanangu kwa Kijaluo, ili mambo yaende vizuri.

Sumeya alitabasamu, akasema atafikiria. Alipoondoka, jirani Monicah, aliyekuwa akisikiliza kutoka upande wa pili wa makonge ya mpaka, akamwita mama Cate kwa Kijaluo, akauliza kwa sauti tamu, "Min Cate, na yule wa usiku yumo kwenye bei?"

Kuanzia hapo Zilpah alifagia kila asubuhi, kwa tahadhari. Jumanne moja Sumeya aliswali alfajiri, akaona hakuna haja ya kurudi kulala, akatembea hadi kwa Zilpah bila taarifa. Alimkuta uani na ufagio mkononi. Nusu ya uwanja ilikuwa safi. Nusu nyingine ilikuwa na nyayo pana kama sahani, na kinyesi ambacho bado kilifuka mvuke.

Zilpah akangoja aulizwe. Sumeya hakuuliza. Alisimama tu, mikono nyuma, akitazama ziwa. Na Zilpah, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kujibu, akakosa pa kushika.

"Ni kiboko," akasema mwishowe.

"Najua, mama. Nimezaliwa kando ya Mto Tana. Nilimjua siku ile ile kwa zile nyasi. Ng'ombe hanyoi hivyo. Huyo ningemjengea ukuta. Lakini mtu akinificha kiboko, nitajuaje hajanificha kingine? Nimekuja kukwambia nachukua ile nyumba ya karibu na stendi."

Zilpah akaona mapacha wakikua bila yeye. Akaegemeza ufagio ukutani, akamvutia Sumeya kigoda, akaanza kusema bila kuulizwa. Mabati ya jikoni huvuja mvua ikitokea ziwani. Mlango wa nyuma haufungi bila teke. Choo kitajaa kabla ya Krismasi. Sumeya, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kigoda, akajiweka vizuri.

Zilpah akayatazama makonge. Kule upande wa pili, Monicah alikuwa ameacha kusugua sufuria.

"Na makonge yale niliyasogeza," akasema. "Hatua tatu. Ule mwaka Monicah alikwenda Kisegi kumuuguza mama yake."

Sufuria ikaanguka. Kichwa cha Monicah kikachomoza.

"Hatua tatu, min Cate? Na mimi kila msimu nalaumu mbegu."

Asubuhi hiyo wanawake watatu waling'oa makonge na kuyarudisha yalikotoka. Aliyepima ni Monicah, kwa hatua ndefu ambazo hakuna aliyewahi kumwona akizipiga, na Zilpah akayapanda pale pale zilipoishia. Nyumba ikauzwa, uwanja ukiwa umepungua kiasi.

Siku ya kuondoka Zilpah alimwachia Sumeya ufagio. Sumeya akauliza kama bado ni mzima.

"Ni mzima," Zilpah akasema, akabeba mzigo wake. Alifika barabarani, akasimama, akageuka.

"Lakini kamba yake imelegea."