Kabati la Kufuli Mbili

Mguu huu haukai. Hata sasa ninapoandika unacheza chini ya meza, na mke wangu ananiuliza kama nina safari. Sina. Nina watu wa kuwataja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa utingo wa lori la vitunguu vya Mang'ola. Gari likishindwa kilima, kazi yangu ilikuwa kuruka chini na kuweka gogo nyuma ya tairi. Breki zilikuwa za kumwomba Mungu. Tajiri mwenye gari alijua, akasema twendeni tu. Gogo likateleza kwenye tope, lori likarudi nyuma, likanisaga mguu chini ya goti. Tajiri ndiye wa kwanza.

Hospitali dawa ilikuwepo, na hilo ndilo linalonichoma. Sindano ya maumivu makali ilikuwa ndani ya kabati la kufuli mbili, nikiliona kutoka kitandani. Lakini mkaguzi wa serikali alikuwa amepita, akakuta vichupa vimepungua, muuguzi mmoja akapelekwa polisi. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchoma sindano ile bila daktari mwenyewe, na daktari alikuwa anaiogopa kama bomu. Wameiba wazima, tukanyimwa wagonjwa. Mkaguzi ndiye wa pili.

Nilingoja tangu asubuhi. Daktari alipokuja mchana, alianza na jirani yangu, mfanyabiashara wa Moshi aliyevunjika mkono.

"Nakufa jamani! Mama yangu nakufa!"

Akachomwa. Akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimeuma shuka. Baba alikuwa amenishika bega tangu tufike, akininong'oneza kwa Kiiraqw: "Jandoni hukutoa sauti. Leo ulilie gari?"

"Na huyu?" daktari akauliza.

"Huyu hana shida," baba akajibu, kifua mbele. "Ni mwanaume."

"Vizuri. Mpeni aspirini."

Akageuka kufunga kabati. Nilitaka kusema, taya zikakataa kuachia shuka. Baba ndiye wa tatu, na namtaja nikiwa na akili zangu.

Ndipo mama, aliyekuwa amekaa sakafuni, akapiga yowe. Yowe la msiba kabisa. Wodi nzima ikainua vichwa.

"Mama! Unaumwa nini?" daktari akageuka.

"Mguu!"

"Mguu upi?"

"Huo hapo kitandani! Uchome, la sivyo nitalia mpaka huyo mkaguzi wako anisikie hukohuko Arusha!"

Mfanyabiashara wa Moshi akacheka kwa usingizi. Daktari akafungua kufuli ya kwanza, halafu ya pili.

"Nusu tu," akasema. "Sitaki maneno."

Baba akachukua fimbo yake akatoka. Hakukanyaga tena wodini, na nyumbani alimnunia mama kwa kumtia aibu mbele za watu.

Ile nusu ikaingia. Mguu ukatulia, nikaachia shuka. Utulivu ule naukumbuka kuliko hata lori. Tangu siku ile nautafuta.