Aliuliza Dawa, Hakuuliza Supu

Jumatano, mwezi wa Novemba. Asubuhi mvua ilianguka kidogo ikakatika, na kufikia saa nne jua lilikuwa limekausha hata alama za matone kwenye vumbi. Mbaazi zimesimama tu, hazikui na hazifi.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa niliyemzaa ni bwanako. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na kuandika kunanishinda, lakini nikianza kukuambia kwa mdomo unacheka na kusema mwaitu, mama yako huyu, ameanza tena. Kwa hivyo acha niandike. Iko siku moja ambayo haijanitoka, na sasa tumbo lako lilivyoshuka, naikumbuka kila nikikuona ukiinuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa bado mke mgeni huku Makueni. Dada yangu Mbithe alikuwa ameolewa boma la jirani. Sisi wawili tulitoka Kitui. Mama mkwe wake aliitwa Syokau, na ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Nisimseme vibaya. Alinizalisha mtoto wangu wa kwanza salama, na majani aliyonipa nitafune wakati wa kutapika yalinisaidia, hilo siwezi kukana.

Uchungu ulipomshika Mbithe, Syokau alimpikia supu. Kilikuwa kichwa cha mbuzi, na ndani ya sufuria mizizi aliyoichimba mwenyewe, ya kumharakisha mtoto. Wanawake wote wa huku waliinywa. Mbithe alikunywa kikombe, akaongezwa. Uchungu ukaja mkali, kisha ukalegea, na mtoto hakushuka. Syokau alimpapasa tumbo, akasema apelekwe zahanati, yeye ameshindwa. Hilo nalo lijulikane: ni yeye aliyesema, na hakungoja kubembelezwa.

Tulipata lori la makaa lililokuwa linaenda Makindu. Dereva alimwangalia dada yangu akasema, "Mama, ukizalia humu mtoto ni wangu, na jina lake ni Lori."

Mbithe akamjibu huku ameuma meno, "Basi uwe unamletea dizeli anyonye."

Tulicheka sote, hata Syokau ambaye hakuwa mtu wa kucheka na wanaume.

Zahanati ilikuwa na sista mmoja peke yake, mtu wa mbali, hakujua Kikamba. Alituuliza kwa Kiswahili, bila ukali, "Kuna dawa yoyote amepewa nyumbani?"

Mbithe akasema hakuna. Nikamweleza Syokau swali, naye akatikisa kichwa. Mimi pia nikasema hakuna.

Mwanangu, hapo hakuna aliyedanganya. Kwetu dawa ilikuwa tembe, sindano, au kitu cha chupa kutoka dukani. Kile kilichokuwa kwenye sufuria kilikuwa supu. Hata haikunipitia akilini kwamba hicho ndicho kilichoulizwa, na nimejichunguza sana kuona kama najitetea. Sidhani.

Sista akamwekea maji ya mshipani, ndani yake dawa ya kuongeza uchungu, maana aliona umelegea. Mambo ya ndani siyajui, naandika nilivyoelezwa baadaye. Uchungu ulianza kuja mmoja juu ya mwingine bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu akaacha kulia ghafla, nami nikafikiri amepata nafuu. Kumbe nyumba ya mtoto ilikuwa imepasuka. Mtoto alitoka amekufa, na dada yangu hakuliona jua likitua.

Sista alilia. Alimwosha Mbithe kwa mikono yake mwenyewe. Syokau alikuwa amekaa sakafuni akiongea peke yake, akitaja supu, na sista akaniuliza mama huyu anasema nini. Nikamwambia. Akaacha kuosha, akamgeukia.

"Mama, mbona mlinificha?"

Nilimtafsiria Syokau. Akajibu, na maneno yake niliyapeleka kwa Kiswahili kama yalivyokuwa.

"Hatukukuficha. Uliuliza dawa. Hukuuliza supu."

Sista akarudi kwenye beseni.

Nimetafuta miaka hii yote kosa lilikuwa la nani, sijaliona. Pengine supu haikuwa na neno. Pengine mtoto alilala vibaya na wote wawili wangekufa hata nyumbani. Siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba watu hawakujifunza, waliharibika zaidi. Sista alianza kugombeza kila mwanamke, akiwanusa mdomo mlangoni, wengine wakaacha kwenda kabisa. Mwanzo tulikuwa hatusemi kwa sababu hatukujua. Sasa tukaanza kuficha tukijua. Syokau aliendelea kupika mpaka macho yalipomwisha, na kila aliyempikia alimwambia, "Huko ukiulizwa, wewe umekunywa chai." Nimeenda matanga ya wasichana wengine tangu siku ile, na nikiuliza naambiwa alikunywa chai tu.

Basi nakuambia, ingawa sijui kama mimi ni mtu wa kuambia wengine. Sikukatazi majani yote. Yamenisaidia, na kusema yote ni sumu ni uongo. Lakini uchungu ukishaanza, usinywe kitu cha kuuharakisha, hata akupe nani, hata nikupe mimi. Na ukifika hospitali usingoje neno dawa litajwe. Taja kila kilichopita mdomoni: supu, uji, maji yaliyochemshwa na nini, nani alipika, saa ngapi. Ukigombezwa, gombezwa. Kugombezwa kunaisha. Na siku moja ukimpeleka mwenzako, mtajie wewe kama yeye ameona haya.

Sitegemei sana utanisikia. Mbithe alikuwa na akili kunishinda, na mimi nikiwa na umri wako sikusikia mtu.

Mungu akufungue kwa upole, mwanangu. Wewe na huyo aliye ndani mtoke wawili, wazima, na mimi niachwe niishi mpaka anitapikie kwenye leso.

Jioni tumekula muthokoi wa mahindi na kunde. Wewe ulionja tu, ukasema shangazi yako amekushibisha mchana. Nilitaka kuuliza amekushibisha na nini, lakini ulikuwa umeshainuka na sahani.