Kocha Aliyelala Uwanjani

Nikiwa chuoni Marekani nilicheza ile futiboli yao ya kuvaa helmeti na kugongana. Kazi yangu ilikuwa kumwangusha mwenye mpira, na nilidhani ingenilisha maisha yangu yote. Mwaka wa mwisho kano za goti la kushoto zikakatika, mambo yakaishia hapo.

Nikamfuata mke wangu kule Sydney, Australia. Yeye nesi, mimi nikapata kazi ya kutunza wazee. Tulikaa mtaa wa Guildford, na karibu na hapo klabu moja ya wanawake ya mchezo ule ule wa helmeti ilikuwa ikitafuta kocha wa kujitolea. Nilikubali hata kabla ya kufikiri.

Miaka ikaenda hivyo. Usiku kucha nikiinua wazee, nikiwageuza, nikiwabadilishia mashuka; Jumamosi natoka zamu, moja kwa moja uwanjani, mgongo ukiwaka moto.

"Baba watoto, utakuja kuanguka huko," mke wangu alisema akinitazama navaa viatu.

"Ni msimu huu tu."

Alikuwa ameshachoka kulisikia hilo. Akarudi jikoni.

Nahodha wetu alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyefanya kazi ghalani kule Villawood. Mchezo huu aliujulia huku huku. Nilikuwa sijamaliza kumweleza jambo, tayari anawaeleza wenzake.

Jumamosi moja ya manyunyu, wakati wa mapumziko, nilikaa kwenye benchi nifunge kamba za kiatu. Nikafumba macho kidogo. Nilipofumbua, wapinzani walikuwa wakipanda magari yao kurudi kwao, nami nimefunikwa makoti yanayonuka jasho.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Papa kocha, ulikuwa unakoroma," nahodha akasema. "Tukaona tukuache tu."

"Na mchezo?"

"Wametushinda. Lakini kidogo tu. Nilipanga watu mimi mwenyewe. Kule kushoto ulikuwa umepanga vibaya."

Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu. Na kweli, kushoto nilikuwa nimepanga vibaya. Nikavua filimbi shingoni, nikampa.

"Jumanne mazoezi ni yako."

"Unacheka na mimi?"

"Sicheki, dada. Nimechoka."

Akaitazama ile filimbi, kisha akaivaa.

Msimu uliobaki nilikuwa msaidizi wake. Nilijaza chupa za maji na kufunga bandeji. Nilipomwambia mke wangu kwamba nimeacha ukocha nusu nusu, aliniwekea chakula mezani, akavuta kiti, akakaa nami.