Mkono wa Kushoto wa Mrushaji

Mama alikuwa hapokei kitu kinachotolewa kwa mkono mmoja. Umpelekee chumvi, kisu, simu inayoita, kama mkono wako wa kushoto haujashika kiwiko cha kulia, anakuacha umenyoosha pale pale hadi bega lichoke. "Naona mkono mmoja," anasema. "Ule mwingine umeuuza?" Tulirudi Kigali kutoka Tanzania nikiwa mdogo, tukaja na Kiswahili chetu, magodoro na sheria hiyo. Mkubwa hapewi kitu kama mbwa anavyotupiwa mfupa. Basi nikazoea, hata nilipokuwa nampa mtu karatasi ya pipi mkono wa kushoto ulikuja wenyewe.

Hakuna aliyeniambia kwamba adabu inaweza kuharibu mpira.

Softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, niliianzia shuleni, huku kwetu Niboye. Kocha wetu alikuwa mama wa makamo aliyekulia Uganda, mwenye filimbi shingoni na Kiswahili cha hapa mjini. Aliniona nina mikono mirefu, akaniweka kwenye duara la mrushaji. Softboli hairushwi kutoka juu begani. Mkono unazunguka duara zima, unapita chini karibu na nyonga, kiganja kinakunjuka, mpira unaondoka. Mkono wa kushoto, ule wenye glavu, unatangulia mbele kidogo kisha unashuka pajani na kutulia.

Wangu haukutulia. Kila nilipoachia mpira, glavu ilikuja mbio kushika kiwiko cha kulia. Mkono unakatizwa njiani, mpira unakosa nguvu, mpigaji ana muda hata wa kujikuna kabla haujamfikia.

"Wewe!" kocha alipiga kelele. "Hiyo mpira unarusha, ama unapatia mama mkwe chai?"

Wasichana walicheka hadi wakakaa chini. Nao walilelewa hivyo hivyo, na wawili watatu walianza na kosa hilo hilo, likawatoka upesi. Mimi nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Kocha akaniambia wasichana wa Uganda wanakuja kucheza na sisi, na mkono ule usipokaa, atanipeleka nyuma kabisa ya uwanja, kwenye majani, nikaokote mipira ya wenzangu.

Sikutaka kwenda kwenye majani. Mama alikuwa mgonjwa wa figo wakati huo, miguu imevimba, anashinda kwenye kochi la sebuleni akitazama uani kupitia mlango ulio wazi. Watu wa kanisani walikuja na mikungu ya ndizi na sauti za chini, wakanishika bega, wakaniambia jikaze mwanangu. Nikawa nawaangalia tu. Sikuwa na huzuni, nieleweke. Sikuwa na kitu. Nilikuwa naosha vyombo, napika uji, nafua mashuka, ndani yangu kumenyamaza kama redio isiyo na betri. Lakini ukisimama kwenye duara la mrushaji hakuna anayekuuliza mama anaendeleaje. Kuna mpira na mahali pa kuupeleka. Mahali pale nilipataka, na ningemng'ata mtu kwa ajili yake.

Kaka yangu, fundi seremala kule Gisozi, aliniletea fremu ya mlango aliyoikosea vipimo. Aliikata, akatundika gunia katikati, akaisimamisha kwenye ukuta wa uani. Nikachana kipande cha kitenge kikuukuu, nikaufunga mkono wa kushoto kwenye mkanda wa suruali, nikaanza kurusha.

Mama alinitazama kutoka kwenye kochi.

"Huo mkono una kidonda?"

"Hapana, mama. Mazoezi."

"Mazoezi ya kufunga mkono?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema.

Nilirusha kila nilipotoka shule. Mwanzoni kitenge kilinivuta kila nilipoachia mpira, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kwenda zake. Kiuno kilinichubuka. Nikaukaripia kwa sauti, "Kaa chini, we!" na jirani akachungulia juu ya ua kuona nagombana na nani. Halafu ukaacha kuvuta. Nikafungua kitenge, nikarusha, ukashuka pajani ukakaa. Mpira ulipiga gunia na vumbi likatoka. Mama alikuwa ameegemea mto, macho wazi.

Uwanjani kocha alisimama nyuma ya mdakaji akanitazama nikirusha, mpira baada ya mpira. Mpigaji wetu bora alipiga hewa, akageuka akamtazama kocha kama kwamba kosa ni la gongo.

"Sasa iko sawa," kocha akasema. "Na Waganda, ni wewe unarusha."

Nilifurahi. Loo, nilifurahi kweli, kutoka pale uwanjani hadi barabara ya lami. Baada ya hapo nikakumbuka kwamba unga wa uji umekwisha, nikapita dukani.

Nilipika uji, nikaumimina kwenye kikombe cha mama, nikampelekea. Nilinyoosha mkono. Mama hakupokea. Alikuwa anatazama pembeni yangu, chini, nami nikafuata macho yake. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala pajani, umetulia, kama alivyotaka kocha.

Nikangoja aniulize kama nimeuuza. Kikombe kilikuwa cha moto, vidole vinaniungua, na sijui kwa nini sikuuinua tu. Nilisimama pale kama mjinga.

Mama akajisogeza. Ilimchukua muda, kwa sababu kila kitu kilimuuma. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, uliovimba, akauweka chini ya kiwiko changu, mahali ambapo ungekaa wangu. Ukashika hapo. Kisha kwa mkono wa kulia akachukua kikombe.

"Nimepokea," akasema.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Akanywa kidogo, akapumzika.

"Wamekuchagua?"

"Ndiyo."

"Kurusha?"

"Kurusha, mama."

"Haya," akasema, akanirudishia kikombe kabla hajamaliza.

Alifariki kabla ya Waganda kufika. Kwenye msiba watu walipanga foleni kunipa mkono, wazee kwa vijana, nikawasalimia kwa mkono mmoja, na shangazi mmoja akanong'ona kwamba mtoto huyu ameharibika. Sikulia, na hilo nalo walilinong'ona.

Mechi ikachezwa. Kocha aliniambia naweza kupumzika, nikamwambia aache upuuzi. Nilirusha vizuri, kila mtu alisema hivyo. Mpira ulitoka nyongani ukanyooka, na mkono wa kushoto ulishuka pajani kila mara ukatulia. Nikaendelea kurusha. Kila nilipoachia mpira nilikuwa nangoja mkono uje, nangoja uje unishike, na haukuja. Nikaona duara linatota kwa machozi mbele ya macho yangu, nikashindwa kumwona mdakaji.

Kocha akaja mbio.

"Bega inauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi inauma wapi?"

"Kiwiko," nikasema.

Akanyoosha mkono ili akishike, akitazame. Nikamwambia asikiguse.